"Sina cha kuficha"? Wacha hizo

Vijana, kila tukizungumzia data zetu kuna mtu lazima aandike: "Mimi sina cha kuficha, wacha wachukue." Jibu hilo limenichosha.

Huku Pwani mgeni hupiga hodi. Akipiga mara tatu asijibiwe, anarudi alikotoka. Hakuna anayeuliza mwenye nyumba anaficha nini. Tazama nyumba za kale za Lamu: mgeni anaishia dakani, ndani ni kwa wa ndani. Faragha ilikuwa heshima ya mtu, na Surat an-Nur imetufundisha kuomba ruhusa mlangoni kabla ya katiba yoyote kuandikwa.

Mkoloni hakupiga hodi. Kuanzia 1920 hivi, wanaume Waafrika walitembea na kipande shingoni, ndani ya kijisanduku cha chuma: alama za vidole, kazi, mwajiri, yote humo. Ukitoroka shamba la mzungu, kipande kinakukamatisha. Harry Thuku na wenzake walikipinga wazi. Walijua anayeshika karatasi yako amekushika wewe.

Sasa sisi je? 2023 tulijipanga foleni KICC wenyewe, Worldcoin wakatupiga picha mboni za macho kwa kama shilingi 7,000. Hakuna aliyeshikiwa bunduki. (Njaa ilikuwepo, sikatai. Wao pia walijua.) Serikali ikasimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zifutwe. Lakini nywila ikiibwa unabadilisha. Jicho utabadilisha na lipi?

Halafu waulizeni vijana wa Kinubi na Kisomali waliopigwa msasa miaka na miaka wakitafuta kitambulisho tu, wakidaiwa hadi karatasi za babu. Hao walikuwa wanaficha nini? Ndiyo maana Nubian Rights Forum walienda kortini kuhusu Huduma Namba. Januari 2020 majaji wakakataza kuchukua DNA na GPS, na wakataka sheria madhubuti kwanza.

Kifungu cha 31 cha Katiba ni chako. Kesho soja wa jengo akikuandikisha nambari ya kitambulisho na ya simu kwenye lile daftari lililo wazi kwa kila mpita njia, muulize kwa adabu: hii inaenda wapi, na itakaa kwa muda gani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua.