Homa ya ini B: Jibu hasi lisikutoe kliniki

Baba wa watoto watatu aligundulika na virusi vya homa ya ini aina ya B alipokwenda kuchangia damu. Akapimwa tena, safari hii antijeni ya "e". Jibu: hasi. Akamwambia mkewe kirusi kimelala, na kliniki hakuonekana tena kwa miaka minne.

Hakuwa mjinga. Kwa wengi jibu hilo ni dalili njema, kwamba kinga ya mwili imeanza kukidhibiti kirusi. Lakini kirusi hiki hujinakili bila kusahihisha. Kila kinaponakili vinasaba vyake hukosea herufi hapa na pale, na kosa moja dogo laweza kukifanya kiache kutengeneza protini ya "e", au kiitengeneze kidogo tu, huku kikiendelea kuzaliana ndani ya ini. Kipimo kinatafuta protini. Kirusi chenyewe hakikioni.

Virusi hivi vina makundi ya vinasaba yanayoitwa kwa herufi, na Afrika Mashariki lililoenea zaidi ni kundi A. Tawi lake la Kiafrika hupoteza alama ya "e" mapema, na limehusishwa na saratani ya ini kwa wanaume ambao bado ni vijana. Ukiongeza sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu, ini linapigwa mara mbili.

Ndiyo maana mwenye virusi hivi aulizie wingi wa virusi kwenye damu na vimeng'enya vya ini, tena kwa kurudia, hata kama haumwi popote. Akihitaji dawa, tenofovir hukikandamiza pia kirusi kilichobadilika.

Na nyumbani? Sahani na vikombe havina shida. Wembe na mswaki, kila mtu na wake. Mke na watoto wapimwe, na wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe. Chanjo inakinga dhidi ya makundi yote. Mama mwenye virusi aseme mapema, mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24, kwa sababu kati ya wachanga 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takriban 9 hubaki na kirusi kwa muda mrefu.

Yule baba alirudi kliniki kwa kusukumwa na mkewe. Antijeni ya "e" bado hasi. Wingi wa virusi, juu. Sasa anameza kidonge kimoja kila usiku, na mtoto wa mwisho anasubiri majibu yake.