Kura ya mwanafunzi aliye safarini

Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya tisa, kuna kisa ambacho ni nadra kukisikia kikihubiriwa. Waisraeli wako jangwani Sinai, mwaka mmoja baada ya kutoka Misri, na siku ya Pasaka imefika. Wapo watu wasioweza kuila kwa sababu wamegusa maiti, na kwa sheria ya wakati ule walihesabiwa najisi. Hawakwenda kunung'unika pembeni. Walimwendea Musa siku iyo hiyo wakamuuliza kwa nini wao wazuiwe kumtolea Bwana sadaka pamoja na ndugu zao. Musa hakuwafukuza kwa kuwaambia sheria ni sheria. Aliwaomba wangoje, akaenda kumsikiliza Mungu, na jibu likaja pana kuliko swali lenyewe: si hao tu, bali hata mtu aliye katika safari ya mbali apewe siku nyingine, mwezi mmoja baadaye, naye aile Pasaka yake.

Kisa hiki hunijia akilini kila ninapozungumza na wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu uchaguzi wa Agosti 10, 2027.

Katiba yetu, Kifungu cha 101, imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Nayo sheria inataka kila mpigakura apige kura katika kituo alikosajiliwa. Kanuni zote mbili ni nzuri. Zikikutana juu ya mwanafunzi, humkaba. Mchukue kijana wa Lodwar anayesoma Juja. Makarani wa tume ya uchaguzi, IEBC, wanapoleta vifaa bewani, anajisajili papo hapo, maana ndipo alipo. Agosti ikifika, chuo kimefungwa na yeye yuko Turkana kwa mama yake, mwendo wa zaidi ya siku nzima kwa basi kupitia Kitale. Kura yake iko Juja. Mwenzake alijisajili nyumbani Kwale alipotimiza miaka 18, na Agosti iyo hiyo yuko Eldoret akifanya mitihani, kwa kuwa vyuo vyetu havifuati kalenda moja. Hakuna aliyewanyima haki vijana hawa. Haki yao imewekwa tu mahali wasipokuwepo.

Hapo ndipo Kifungu cha 83 cha Katiba kinapotuhukumu. Kinataka mipango ya usajili na ya upigaji kura imrahisishie raia anayestahili, wala isimzuie. Neno ni kurahisisha. Kumwachia mtu mlango wazi upande wa pili wa nchi, huku nauli ya kwenda na kurudi ikila chakula chake cha wiki mbili, si kumrahisishia.

Mwaka 2022 sajili ilikuwa na wapigakura 22,120,458. Vijana wa kati ya miaka 18 na 35 walikuwa asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 ikilinganishwa na ya 2017, katika nchi ambayo ukisimama kwenye kituo chochote cha matatu unaona ni ya vijana. Mshindi wa urais alimpita aliyemfuata kwa kura 233,211. Kisha tume ikakaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na usajili endelevu ukarejea Septemba 29, 2025. Wengi wa wanaosoma mwaka wa kwanza na wa pili sasa walitimiza miaka 18 katika ukimya huo.

Na tukumbuke tulichowaambia. Juni 2024, vijana walipomiminika barabarani kupinga Mswada wa Fedha na baadhi yao wakazikwa, sauti nyingi, zetu za altareni zikiwemo, ziliwasihi waache barabara waende debeni. Lilikuwa shauri jema. Lakini huwezi kumwelekeza mtu debeni halafu ukaliweka debe kilomita mia saba kutoka alipo.

Wako watakaosema haiwezekani. Mbona imewezekana kwa wengine? Mwaka 2022 Wakenya walioko ughaibuni walimpigia kura rais katika nchi 12, Qatar na Canada zikiwemo. Wafungwa nao walipiga kura ya urais wakiwa magerezani, jambo ninalolifurahia kama padri, kwa sababu heshima ya mtu haiishii kwenye lango la jela. Ikiwa tunaweza kuvipeleka vifaa vya kutambua alama za vidole Doha na Kamiti, tunaweza kuvipeleka katika bewa lenye mitihani, mwanafunzi akamchagua walau rais. Hofu ya kura kupigwa mara mbili ni ya haki, na jibu lake ni lile lile lililotumika huko: orodha ya kituo hicho ifungwe mapema, na jina lililomo humo lisiwe kwingine.

Lipo pia jambo dogo lisilohitaji sheria mpya. Usajili unaweza kuhamishwa, ila mwanafunzi huambiwa aende ofisi ya eneobunge. Dawati la kuhamisha liletwe bewani muhula wa Januari, vyuo vitangaze mapema kalenda ya 2027, na mitihani isiguse wiki ile. Seneti ya chuo inaweza kulipitisha hilo katika kikao kimoja.

Nisemalo sasa linaniuma zaidi. Umbali una wafanyabiashara wake. Kijana asiye na nauli hupata ghafla rafiki mwenye basi, na rafiki huyo ni mgombea. Basi ni la bure, soda ni ya bure, na wanapofika kituoni kijana ameshajiona ana deni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unapotukumbusha kuwa kupiga kura ni haki na ni wajibu, unasema itumike kwa uhuru na kwa manufaa ya wote. Umaskini wa nauli unaula uhuru huo kabla kijana hajaishika karatasi ya kwanza kati ya zile sita.

Ila kisa cha Hesabu kina upande wa pili, nawe mwanafunzi usiuruke. Aliye safi, asiye safarini, na bado akapuuza kuila Pasaka, sura ile ile inamkatilia mbali na watu wake na kumwachia dhambi yake. Maneno makali. Hayasemwi kwa aliyekosa nauli. Yanasemwa kwa anayeishi hatua chache kutoka kituoni na atalala hadi saa sita mchana siku hiyo, kisha aandike malalamiko mtandaoni miaka mitano.

Na sisi wa parokia? Mzazi, mwulize mwanao leo amesajiliwa wapi na atakuwa wapi Agosti 10. Utashangaa ni wangapi hawajawahi kuyaweka maswali hayo mawili pamoja. Jumuiya ndogondogo huchanga kwa ajili ya matanga na arusi bila kusukumwa. Zinaweza kuchanga nauli ya watoto wao wawili au watatu walio mbali, wakaja nyumbani kwa fedha za majirani. Sharti ni moja tu: asiwepo mtu wa kuwauliza, wakishuka kwenye gari wala wakitoka kituoni, wamempigia nani.