HOTELI JIRANI YETU: MFANYA KAZI ASINYAMAZE



Neno hoteli hapa Litein lina maana mbili. Iko hoteli ya chai na chapati, ambayo mchuma majani huingia asubuhi na shilingi zake chache. Tena iko hoteli ya vitanda, ya ghorofa, yenye baa na uwanja wa magari. Leo twataka kusema juu ya hiyo ya pili. Mji unakua, na ploti za nyumba za kuishi zatakiwa kwa biashara. Je, mwenye ploti akitaka kujenga hoteli katikati ya nyumba zetu, nani ataulizwa?

Wako wanaosema: "Ploti ni yake, pesa ni zake. Wewe mpangaji wa chumba kimoja una neno gani?" Maneno haya si ya haki, wala si ya sheria.

Zamani mambo yalikuwa hivyo. Tea Hotel ya Kericho ilijengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950. Siku zile Kampuni na Serikali ya Mkoloni zilikata shauri, na mchuma majani kazi yake ilikuwa kubeba kikapu. Siku hizi sivyo. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 yasema mtu haruhusiwi kuanza kujenga bila kibali cha Kaunti. Akianza bila kibali, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Tena yamtaka mwenye kuomba autangazie umma, ili mwenye pingamizi alipeleke. Sheria imesema UMMA. Haikusema wenye hati za ardhi peke yao. Mpangaji ni umma, na mama muuza mboga ni umma.

Lakini angalieni jambo hili, ndugu zetu. Sheria hiyo hiyo yasema mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Ofisi ikilala, hoteli imepita! Na sisi tukilala pamoja na ofisi, tutaamshwa na ngoma za baa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Chama hakisemi hoteli zikataliwe. Katika mashamba makubwa mashine za kuchuma chai zimechukua kazi za watu wengi, na hasira ya jambo hilo ilionekana mwezi wa Mei 2023, mashine zilipochomwa moto. Vijana wetu wanataka kazi. Hoteli yataka wapishi, watandika vitanda, wafua nguo na walinzi. Itanunua maziwa, mayai na mboga za majirani. Watu wanaokuja kuwaona wagonjwa wao hospitalini, na wazazi wanaofuata watoto shuleni, wanataka mahali pa kulala. Kazi hizi hatuwezi kuzipiga teke.

Basi kabla ya mtu kusema ndiyo au hapana, na aulize mambo matatu.

KWANZA, maji machafu yatakwenda wapi? Vyumba vingi ni vyoo vingi. Nchi yetu ni ya milima na mvua nyingi, na kila kitu huteremka mtoni. Walio chini ndio wachota maji. Shimo la choo liandikwe kwenye ramani, na ripoti ya mazingira isomwe mbele ya watu.

PILI, je, kutakuwa na pombe? Sheria ya vileo ya mwaka 2010 yataka baa iwe mita 300 au zaidi kutoka shule ya watoto. Mita 300 hupimwa kwa kamba, si kwa maneno ya mwenye baa. Tena mfanya kazi anayeamka alfajiri kwenda shambani ana haki ya kulala usiku.

TATU, kazi zitapewa nani, na kwa masharti gani? Hapa tuseme kweli: ofisi ya mipango haiandiki mishahara katika kibali. Yaweza kuweka masharti ya jengo, ya maji na ya njia. Mshahara ni kazi ya Chama. Wafanya kazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA. Siku ya kufunguliwa milango, vijana wetu wawe na kadi mfukoni. Wakijiunga zaidi ya nusu, sheria ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kukitambua chama.

Twawaonya pia juu ya hila mbili. Ya kwanza ni ya mwenye hoteli, kuwaita majirani nyama na soda, kisha kuwapa karatasi watie sahihi. Msitie sahihi msichokisoma. Ya pili ni ya wenye nyumba za wageni za zamani. Hao watakuja na machozi juu ya kelele na maji machafu, na kumbe wanaogopa kupunguziwa wateja. Msiwe fimbo ya tajiri mmoja kumpigia tajiri mwingine.

Mkiona tangazo, lisomeni kwa sauti katika mkutano. Chagueni watu watatu. Andikeni barua moja yenye majina yenu, ipelekeni ofisi ya Kaunti, na nakala igongwe muhuri siku hiyo hiyo. Shauri likikatwa vibaya, mnazo siku 14 za kukata rufani kwa Kamati ya Mipango ya Kaunti, na mbele yake iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 ni chache. Zikipita, msije ofisini kwetu kulia.

Hoteli nzuri, iliyojengwa mahali pake na kulipa haki, tutaikaribisha. Iliyopita kwa mlango wa nyuma tutaipinga.

UMOJA NI NGUVU.