Takwimu za Miji Yetu Zisimuliwe

Ndugu Mhariri,

Nina maoni kuhusu takwimu zinazotumika kupanga miji, hasa huku kwetu Makambako na Njombe.

Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa Mkoa wa Njombe ulikuwa na watu 702,097. Ile ya 2022 ikahesabu watu 889,946. Mwaka huo wa 2022 majengo nayo yalihesabiwa, na nyumba zikapewa namba za anwani za makazi. Kwa hiyo takwimu tunazo tele. Tatizo ni kwamba zikitufikia sisi wananchi huwa ni majedwali yanayosomwa harakaharaka kikaoni, watu wakapiga makofi na kwenda zao. Nimehudhuria kikao cha namna hiyo. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa hapo barabara yetu imo?" Hakujibiwa, ingawa nadhani hapakuwa na swali la maana kuliko hilo.

Namba ikiachwa peke yake huweza hata kupotosha. Halmashauri ya Mji wa Njombe ilikuwa na watu 130,223 mwaka 2012. Mgeni atadhani wote ni watu wa mjini, kumbe humo wamo wakulima wa chai wa Luponde na watu wa vijijini kule Kifanya na Uwemba. Ukigawanya idadi hiyo kwa eneo zima la halmashauri, utaambiwa mji una nafasi tele. Anayeambiwa hivyo aende sokoni Njombe mjini siku ya mvua.

Makambako mambo ni kinyume. Sensa humhesabu mtu mahali alipolala. Lakini hapa ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapokutana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Mchana kutwa watu wanashuka, wanakula kwa mama lishe, wanatafuta choo, wanatafuta gari la kuendelea na safari. Jioni wengi wao hawapo tena. Hawamo katika watu 93,827 waliohesabiwa katika halmashauri hiyo mwaka 2012, lakini maji wanatumia na takataka wanaacha. Nani anawapangia?

Ninaposema takwimu zisimuliwe sina maana ya kuzitia chumvi. Nataka mtaalamu aichukue namba aeleze ni akina nani, wako wapi, saa ngapi, na nini kimebadilika, kisha aionyeshe kwenye ramani. Dar es Salaam jambo hili limefanyika. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaro na nyumba katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Wakazi waliulizwa maji yalifika wapi mwilini: kwenye kifundo cha mguu, goti au kiuno? Jibu la namna hiyo hata asiyejua mita analielewa, na mhandisi analitumia.

Huku kwetu watu wananunua viwanja, wanajenga, halafu wanakuta alama nyekundu ukutani kwamba barabara itapita hapo. Kama ramani ingebandikwa ofisi ya mtaa kabla ya mtu kutoa fedha zake, pamoja na takwimu zilizoleta uamuzi huo, angalau angejua. Nasisitiza takwimu zenyewe ziwepo, maana msimulizi naye huweza kuchagua zile zinazompendeza na kuzificha nyingine.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Watendaji wa mitaa wafundishwe, na wanafunzi wa sekondari wapewe madaftari wahesabu watu stendi ya Makambako, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku ya gulio na siku ya kawaida. Je, halmashauri zetu zinaweza kutuambia ni lini zitaanza?

Msomaji wako,
Makambako.