Land Rover ya timu: Tuanze na chesisi, rangi ingoje

UKIPITA vijiwe vya Tunduma siku hizi, ubishi si wa Simba na Yanga peke yake. Timu moja ya mtaani imechangisha fedha za kufufua Land Rover 109 yake ya zamani, iliyolala juu ya matofali muda mrefu, na mashabiki wamegawanyika.

Kundi la kwanza linataka gari livuliwe bodi lote, linyooshwe na kupigwa rangi za klabu. La pili linasema washa injini, funga tairi, twende Kamsamba tukacheze. Makundi yote mawili yana hoja, lakini yote yanaruka jambo moja.

Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, si ile lami ya kwenda Zambia tu. Kuna milima ya Ileje na bonde la Momba. Mvua zikishika, Hiace inabaki njiani na timu inapoteza pointi bila kugusa mpira. Gari hili linahitajika kazini, tena mapema.

Sasa sikiliza. Bodi ya Land Rover hizi sehemu kubwa ni aluminiamu, haili kutu kama chuma. Chesisi ndiyo chuma, na huoza kuanzia ndani. Kwa hiyo gari linaweza kung'aa huku mifupa imekwisha. Fundi mzoefu haangalii rangi, anaingia chini na nyundo, anagonga, anasikiliza.

Breki nazo. Nyingi za zamani zina laini moja tu: bomba likipasuka, unakanyaga hewa. Fikiria hilo kwenye mteremko wa Ileje, nyuma wamekaa vijana wetu. Hapo "washa twende" si ushujaa, ni kamari.

Lakini kuvua kila kitu nako kuna hatari yake. Bolti zinakatika, spea zinasubiriwa, hela inaisha, ligi inaisha, gari limebaki mafungu gereji. Majirani zetu KenGold wa Chunya walipanda Ligi Kuu msimu wa 2024/25, dirisha dogo wakafumua kikosi, wakaleta majina kama Bernard Morrison na Obrey Chirwa. Wakashuka vilevile. Kufumua sana siyo lazima upone.

Mimi ningepanga kikosi hivi. Golini breki mpya, zote. Mabeki ni chesisi: palipooza pakatwe, pachomelewe chuma kipya, siyo kufunikwa na rangi. Viungo ni springi, usukani, gia boksi na difu. Injini ikiwaka vizuri na haili oili, iachwe icheze. Bodi yenye mabonde ikae benchi, na rangi isubiri msimu ujao.

Kwa kazi hiyo Tunduma ina bahati. Malori ya mpakani yametuzalishia mafundi wa kuchomelea na wa springi kila kona.

Wanaotaka ing'ae siwalaumu. Oktoba 2024 Arusha ilifurika Land Rover kwenye tamasha lao, na zilizotunzwa zilipendeza kweli. Ila ile ni gwaride. Sisi tuna mechi za ugenini.

Viongozi, kabla hamjatoa hata shilingi ya rangi, mwiteni fundi na nyundo yake. Chesisi ikiita kama debe, mashabiki waambiwe ukweli mapema. Ikiita kama kengele, tukutane Kamsamba.