Uganda: Umeme una mdhibiti, mafuta yana nani?

Mfanyabiashara wa Busia au Malaba upande wa Kenya anajua kwamba tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya EPRA itatangaza bei za juu kabisa za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Aliyeko Mutukula upande wa Tanzania anajua kwamba Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA itatoa bei kikomo zake. Akivuka kuingia Uganda, hakuna siku ya namna hiyo. Kila kituo kinaandika bei yake kwenye ubao na kuibadilisha kinapotaka. Mwenye lori akiuliza kwa nini lita imepanda tangu juzi, hupati afisa wala ofisi yenye wajibu wa kumpa hesabu.

Hali hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Ni matokeo ya namna serikali ya Uganda ilivyopanga udhibiti wa huduma zake. Umeme ulipewa mamlaka yake, mafuta na maji yakabaki mikononi mwa wizara. Mpango huo ulivumilika wakati wauzaji wakubwa walikuwa makampuni binafsi na serikali ikiwa mtazamaji. Leo serikali yenyewe ndiyo muuzaji, kwa hiyo mpango unahitaji kutazamwa upya.

Tuanze na umeme, kwa sababu huko Uganda ilifanya kazi nzuri. Sheria ya Umeme ya 1999 iliunda mamlaka ya udhibiti, ERA, na mwaka 2001 shirika la zamani, UEB, likagawanywa mara tatu: kampuni ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Usambazaji ukakodishwa kwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005. Tangu hapo anayeuza umeme na anayeamua bei ya kuuzia ni watu wawili tofauti. Kila robo ya mwaka ERA hupitia bei kwa kutazama thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani, kisha hutangaza viwango kwa kila kundi la wateja. Anayepinga uamuzi ana mahali pa kwenda: lipo baraza la kusikiliza migogoro ya umeme.

ERA si malaika. Wajumbe wake huteuliwa na waziri kwa idhini ya Baraza la Mawaziri, na wenye mashine za kusaga na mafriza ya samaki hawajaacha kulalamika kwamba umeme ni ghali. Lakini wanalalamika wakiwa na namba mkononi. Wanajua kiwango cha robo hii na cha robo iliyopita, na wanajua ni sababu gani zimetajwa. Mwenye duka anaweza kukaa chini na kupanga gharama za miezi mitatu ijayo.

Mtihani wa mpango huo ulikuja mkataba wa Umeme ulipokwisha 31 Machi 2025. Kesho yake kampuni ya serikali, UEDCL, ikachukua nyaya, nguzo na mita. Serikali ililipa dola milioni 118 kununua uwekezaji uliobaki, Umeme ikasema inadai zaidi ya hapo, na mgogoro ukapelekwa kwenye usuluhishi London. Mzozo huo ni mkubwa na unawahusu walipa kodi wote. Hata hivyo mteja wa kawaida hakuachwa akiuliza bei ya kesho itatoka wapi. Muuzaji amebadilika, lakini anayeamua bei ni yule yule.

Sasa tuje kwenye mafuta, bidhaa inayomgusa mfanyabiashara wa mpakani kabla hata hajafungua duka. Sheria ya mwaka 2003 iliacha bei ya mafuta kwa soko na leseni kwa wizara ya nishati. Soko huria lilileta vituo vingi na makampuni mengi, na katika siku za kawaida mafuta hupatikana. Tatizo huonekana siku zisizo za kawaida. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya masharti ya kupima UVIKO mpakani, foleni ilijaa upande wa Kenya na petroli ikapanda hadi shilingi 10,000 za Uganda kwa lita katika baadhi ya vituo. Ni sehemu gani ya bei ile ilitokana na uhaba, na ni sehemu gani ilikuwa tamaa? Mteja hakuwa na bei rasmi ya kulinganisha, na hakukuwa na mamlaka yenye wajibu wa kumpa jibu.

Kisha ukaja mwaka 2023. Kenya ilianza kuagiza mafuta kwa mpango wa serikali kwa serikali na makampuni ya Ghuba, na Uganda, ambayo hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yake Kenya, ikasema mlolongo wa madalali unaipandishia bei. Bunge la Kampala likabadili sheria na kulipa shirika la taifa la mafuta, UNOC, haki ya kuwa mwagizaji pekee, likishirikiana na kampuni ya Vitol. Lakini UNOC haikuweza kuagiza kupitia Mombasa bila leseni ya EPRA, na leseni haikutoka. Desemba 2023 Uganda ikafungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Leseni ilipatikana mwaka uliofuata baada ya mazungumzo, na Julai 2024 mpango mpya ukaanza.

Kisa hicho kina funzo ambalo wengi hawakuliona. Kampala ilitambua, kwa njia ya uchungu, uzito wa karatasi moja ya mdhibiti. Ofisi moja Nairobi ilikuwa na uwezo wa kuzuia mafuta ya nchi nzima. Upande wa Uganda hakukuwa na mamlaka ya namna hiyo ya kukaa meza moja na EPRA na kuzungumzia leseni na bei kama mdhibiti kwa mdhibiti. Walioingia kwenye mazungumzo ni mawaziri na marais.

Tazama sasa picha ilivyo. Wizara ya nishati ndiyo inayotunga sera ya mafuta, na leseni za wanaoyauza hutolewa chini yake. Wizara hiyo hiyo inashikilia hisa nyingi za UNOC, asilimia 51, na zilizobaki ziko wizara ya fedha. UNOC ndiyo inayoyauzia makampuni mafuta yote wanayokwenda kutuuzia. Mwenye kituo akiona mwagizaji pekee amempandishia bei kuliko haki, atashtaki kwa nani? Wahenga waliliona hili zamani: kesi ya nyani hapelekewi ngedere. Simaanishi kwamba UNOC inapunja. Nasema hatuna njia ya kujua, na shirika lenye nia njema lingepaswa kuwa la kwanza kutaka hesabu zake zikaguliwe na mtu asiye bosi wake.

Wapo watakaosema Kenya na Tanzania si mfano wa kuiga, na wana hoja. Aprili 2022 Kenya ilikuwa na bei iliyopangwa na vituo vikavu, kwa sababu serikali ilikuwa haijayalipa makampuni fedha za ruzuku. Mwaka 2023 Tanzania nayo ilikuwa na bei kikomo huku mafuta yakiadimika katika baadhi ya maeneo wakati dola zilipopungua. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haijazi tangi. Ikipangwa chini kuliko gharama, muuzaji hufunga bomba, na magendo huanza kuvuka kuelekea upande wenye bei nzuri.

Ndiyo maana siombi Uganda ianze kwa bei kikomo. Ianze na hesabu ya wazi. Kila mwezi, tarehe moja inayojulikana, itangazwe bei ya lita ikiwa imechambuliwa: mafuta yenyewe yalivyonunuliwa, nauli ya meli, gharama za bandari, bomba kutoka Mombasa hadi Kisumu au Eldoret, lori hadi Kampala, ushuru, thamani ya dola, na faida ya UNOC na ya kituo. Kituo kibaki huru kuuza juu au chini ya hapo, lakini mteja awe na kipimo. Chukua lori linalotumia lita 400 kwenda na kurudi. Dizeli ikipanda shilingi 300 kwa lita, safari moja imeongezeka shilingi 120,000. Mwenye mzigo wa mahindi au vitunguu akijua mapema ataongeza nauli, atapunguza mzigo au atasubiri. Akijua akiwa kwenye pampu, amekwisha kula hasara.

Nani afanye kazi hiyo? Hoja ya gharama ni ya kweli. Serikali imekuwa ikiunganisha mashirika: wakala wa umeme vijijini ulirudishwa wizarani, na mwaka 2024 mamlaka ya kahawa ikafuata njia hiyo. Kuomba mamlaka mpya kabisa katika hali hii ni kupoteza muda. Lakini si lazima kuunda mpya. EWURA inasimamia umeme, mafuta, gesi na maji chini ya bodi moja, na anayepinga uamuzi wake hukata rufaa katika Baraza la Ushindani. RURA ya Rwanda inashika mambo mengi zaidi ya hayo. ERA tayari ina wahasibu, wahandisi na wanasheria waliozoea kuchambua bei. Ipewe mafuta kwa sheria ya Bunge, pamoja na mahali pa kukata rufaa, na uteuzi wa wajumbe wake upitie Bungeni ili waziri asiwe na neno la mwisho.

Paa moja lina hatari zake. Chombo kikubwa kinaweza kuyasahau maji kwa sababu mafuta yana kelele zaidi, na Kenya kwa hoja kama hiyo imeyaachia maji mamlaka yake, WASREB. Uganda inaweza kuchagua. Isichoweza kuendelea nacho ni hali ya sasa, ambapo shirika la maji la taifa, NWSC, lipo chini ya wizara ya maji na idara inayolidhibiti ipo ndani ya wizara hiyo hiyo.

Faida haitaishia Kampala. Wadhibiti wa nishati wa Afrika Mashariki wana chama chao, EREA, chenye makao Arusha. Nchi zote zikitoa bei kwa mchanganuo unaofanana, chama hicho kinaweza kuchapisha jedwali moja: lita ya dizeli Busia, Mutukula, Katuna na Namanga, kwa shilingi na faranga, na sababu za tofauti. Tumezungumza sana juu ya soko la pamoja. Jedwali la namna hiyo lingemsaidia mwenye lori kuliko hotuba kumi.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kupeleka kwa wakubwa malalamiko ya ushuru na vizuizi vya barabarani. Viongeze ombi hili kwenye orodha, na viliwasilishe kwa wabunge wa wilaya za mpakani, ambao madereva wao wenyewe hujaza mafuta kwenye vituo hivyo hivyo. Ombi ni fupi: bei ya mafuta itangazwe ikiwa na mchanganuo, kwa tarehe inayojulikana, na mtu asiyeyauza.