Miti ya mlimani ni kinga ya barabara ya Rumonge

Mvua zinapoanza, mfanyabiashara anayesafirisha mawese, dagaa au saruji kutoka Rumonge kwenda Bujumbura huuliza kwanza kama njia inapitika. Barabara ya Taifa namba 3 hupita Bugarama ikiwa imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima. Machi 2015, maporomoko ya udongo yaliifunga huko Gitaza, kaskazini mwa Bugarama. Mwaka 2024 ziwa nalo lilijaa hadi kuingia katika makazi ya watu mjini Rumonge.

Kujaa kwa ziwa hakuna mwanakijiji anayeweza kukuzuia. Mlima, hata hivyo, una kinga yake, nayo ni miti.

Kusini mwa Bugarama, hifadhi za Rumonge na Vyanda bado zina misitu ya miombo. Miti yake imezoea kiangazi: hupukutisha majani ili kubana maji, na mingi huchipua kabla hata mvua hazijarudi. Ikikatwa, kisiki huchipua, kwa kuwa mizizi ingali hai. Mizizi hiyo ndiyo inayoshika udongo.

Lakini ustahimilivu huo una kikomo. Mabadiliko ya tabianchi yanaleta joto zaidi na mvua kubwa za ghafla. Chipukizi likikatwa kabla halijakomaa, moto ukipita kila mwaka, au kisiki kikachimbuliwa ili kupata shamba, mizizi hufa. Ikishaoza, mteremko hubaki bila mshiko, na mvua moja kubwa yatosha kuuporomosha.

Hapo biashara huguswa. Faida ya gunia la makaa huenda kwa wachache. Hasara ya barabara iliyokatika ni ya wote. Lori hulala njiani, samaki wabichi huoza, na mzigo ulioshushwa na boti kutoka Kigoma hukwama bandarini.

Kigoma yenyewe ina funzo. Tangu 1994, mradi wa Tacare wa Taasisi ya Jane Goodall umefanya kazi na vijiji vilivyo jirani na Gombe. Vijiji vilitenga misitu yao, na palipopumzishwa miombo ilirudi kutokana na visiki na mizizi, bila gharama ya miche.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, wafanyabiashara wamezoea kudai ushuru nafuu na vizuizi vichache. Wanaotumia njia ya Bugarama wana sababu ya kuongeza dai la tatu: miteremko iliyo juu ya barabara ipumzishwe, na makaa yasitoke huko.